Kidole kinasema mzima, mie nakata roho

Aisee hii stori nilijiapiza sitaisimulia, ila mdogo wangu ameshaanza kuisambaza kwenye familia na chumvi kibao, mpaka eti nililia huku naita mama. Kumuita mama nilimuita, kulia sikulia, tuwekane sawa hapo kwanza.

Ilikuwa Agosti, nimeenda Dubai kufunga mzigo wa mitandio na abaya. Nimeshinda soko la Naif kutwa nzima nabishana bei, jua la kule la Agosti halina tofauti na kusimama mbele ya tanuri la mkate mlango uko wazi, na tumboni nina karaki tatu, ile chai yao ya maziwa, na sambusa moja tu. Hoteli sikuchukua, hela ya hoteli ni abaya ngapi hizo? Nikafikia kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anakaa Deira kwenye hizi wanaziita bedspesi, yaani chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, watu watano wanalipia kila mtu kitanda chake.

Usiku mdogo wangu akasema kaka umechoka, ngoja nikutengenezee shisha. Halafu akaniuliza, "Ushawahi lakini?" Sasa mimi ni kaka mtu, nina miaka 41, nina fremu Kariakoo, niseme sijawahi? Nikamwambia mbona kabla serikali haijapiga marufuku 2016 tulikuwa tunavuta sana tu. Uongo mtupu. Hiyo 2016 nilikuwa napita nje ya baa za Kinondoni nanusa harufu ya tufaha kama mtoto anayenusa chipsi za wenzie.

Basi akaitoa uvunguni. Akajaza maji chini, kile kichwa cha udongo akakijaza tumbaku ya tufaha, inanata kama jamu iliyochacha, akafunga foili, akaitoboatoboa na kijiti cha meno. Makaa yenyewe yale ya viduara, unawasha kwa kiberiti yanarusha cheche kama fataki, na mengine ya akiba yanawaka pembeni kwenye kopo la maziwa. Dirisha limefungwa kwa sababu ya eisii. Mlangoni chini kuna taulo limesokomezwa ili mlinzi wa jengo asisikie harufu. Kile kidude cha darini kinachopiga kelele kikinusa moshi kimevishwa mfuko wa nailoni kama mama aliyetoka saluni anaogopa mvua. Niliviona vyote hivyo na nikawaona vijana wana akili sana.

Nikashika mpira nikavuta. Mimi najua kuvuta dafu, kwa hiyo nikavuta kama dafu. Maji yakagugumia kule chini, mdogo wangu akasema taratibu kaka, nikamwambia usinifundishe. Tukavuta kama saa nzima hivi, wao wanapokezana, mimi nikipewa mpira siurudishi.

Mara kichwa kikaanza kugonga. Kugonga kweli, kama kuna fundi anavunja tofali ndani. Jasho la baridi, mate yanajaa mdomoni, miguu naiona ipo pale lakini sina uhakika ni ya kwangu. Kwenye TV mtangazaji wa Kiarabu akawa kama ananisema mimi.

Hapo ndo nikajua chumba kile kila mtu ni daktari. Mdogo wangu akasema ni sukari imeshuka, hujala, akanitia tende tatu mdomoni na glasi ya Vimto. Kuna kijana wa Mwanza akasema hamna, huyo kalewa nikotini, bibi yake kule kijijini alikuwa anabwia ugoro na mgeni akijaribu kwa pupa anakuwa hivihivi, anatoka jasho, anatapika, anakaa chini ya mwembe yanaisha. Wala hawakukosea sana, njaa na nikotini vyote vilikuwemo. Ila kulikuwa na Ami, mzee wa Wete, yuko Dubai miaka mingi kweli, shisha haigusi na akiiona anavuta uradi. Yeye akashuka kitandani na msuli wake akanitazama machoni akasema, "Huyu kaingiliwa yakhe. Kaja na udi wa dukani, kaufungua magharibi bila bismillahi." Akaanza kunisomea.

Sasa mdogo wangu akakumbuka wana kile kidude cha kubana kidole kupima oksijeni kwenye damu, kilichobaki toka enzi za korona. Akanibana. Ikasoma 99. Jamani, 99! Mtihani wa shule hata siku moja sijawahi kupata 99. Wote wakapumua, wakasema mzima huyu, anajidekeza, kijana wa Mwanza akadai mpira wake. Mimi nakata roho pale, kidole changu mwenyewe kinanikana mbele ya watu.

Nikainuka niende chooni. Nilifika katikati ya chumba tu. Vimto ikaamua kurudi, nikatafuta ndoo sikuiona, nikaona kitu cha mviringo kipo wazi nikainamia. Ilikuwa raiskuka ya Ami. Na wali wa kesho asubuhi ulikuwemo.

Kilichofuata nasimuliwa tu. Nilianguka juu ya mzigo wangu wa mitandio nikiita mama. Ami akaacha kusoma, hatujui kwa ajili yangu au kwa ajili ya wali. Yule aliyelala kitanda cha juu, hajavuta hata kidogo, naye akaamka anasema kichwa kinampasuka, na hapo mdogo wangu akashtuka akapiga 998.

Jamaa wa ambalansi alivyoingia hakuniangalia mimi. Aliangalia lile kopo la makaa, akaangalia taulo, akaangalia mfuko wa nailoni darini, akaenda moja kwa moja akafungua dirisha. Halafu akatutoa wote nje kwenye korido, na Ami na msuli wake.

Hospitali nikavishwa maski ya oksijeni, wakanitoa damu. Nesi aliyenihudumia alikuwa Mkenya, aliposikia tunaongea Kiswahili akauliza, "Kwani mlikuwa mnachoma nyama kwa bedroom?" Nikamwambia shisha. Akacheka kwanza. Akasema hiyo ni kama jiko tu, kwao kukiwa na baridi watu wanaingiza jiko la makaa ndani, wanafunga madirisha, asubuhi wanavunjiwa mlango. Ile gesi ya makaa, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mimi nikaielewa kivyangu, ni kama abiria wa mwendokasi pale Kimara asubuhi, akishapata siti hata aingie mjamzito hanyanyuki, na oksijeni ndo mjamzito.

Nikauliza sasa mbona kidole kilisema 99? Akasema kile kidude kinaangalia wekundu wa damu, na damu iliyobeba hiyo gesi nayo ni nyekundu, hakijui kutofautisha. Na maji je, si yanachuja? "Yanapoza moshi tu, gesi inapita." Akaniambia bila maski gesi inachukua kama masaa manne matano kupungua nusu tu, na maski ni saa moja na ushee. Nikaikumbatia ile maski kama mtoto na chuchu.

Majibu yakaja. Mimi asilimia 22 ya damu imeshashikwa na hiyo gesi. Mdogo wangu 17, na kichwa kilikuwa kinamuuma muda wote akadhani ni stresi za kodi. Halafu nesi akamgeukia Ami, "Mzee, wewe 8. Unavuta sigara?"

Ami akanyamaza. Akaangalia ukuta. Huyu ni mtu ambaye kagoma kukaa meza moja na wavuta shisha, leo karatasi ya hospitali inasema moshi umo kwenye damu yake. Akasema, "Mwanangu mie nlikuwa nasoma Qur'ani tu." Nesi akasema sawa mzee, lakini ulikuwa unapumua. Wakati huohuo mkewe akapiga vidio kutoka Wete, akamkuta na maski usoni, akauliza una nini, na kijana wa Mwanza, Mungu amsamehe, akapaza sauti kutoka kitanda cha pili: "Shisha, mama!"

Mitandio 9 nilishindwa kuiuza, mke wangu nikamwambia imeloa mvua, na mpaka leo hajajiuliza mvua gani ya Dubai mwezi wa nane. Raiskuka mpya nilimnunulia Ami kesho yake jioni, dirhamu 70. Akafungua boksi, akafunua mfuniko, akaingiza pua mpaka ndani akavuta harufu, halafu akaniuliza kwa upole kabisa kama nilishaijaribu.