Le Domino noir: ilistahili kusahaulika au ilionewa?

Pembeni ya lile jumba kubwa la opera la Garnier pale Paris kuna mtaa unaitwa Rue Scribe, mwingine Rue Auber, na chini ya ardhi kuna stesheni ya treni nayo inaitwa Auber, yaani majina yapo kila kona ila kazi za hao watu wawili stejini huzioni. Daniel Auber ndo alitunga muziki, Eugène Scribe ndo aliandika maneno, walifanya opera nyingi pamoja, na mojawapo ni Le Domino noir, opera ya kuchekesha iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 2 Desemba 1837 na Opéra-Comique, kampuni ya opera ya hapo hapo Paris. Kufikia 1882 hao hao Opéra-Comique walikuwa wameshaicheza mara 1,000, kufikia 1909 imevuka 1,200, halafu kimya. Haikurudi nyumbani kwake mpaka 2018.

Sasa mabishano yako hivi. Kuna wanaosema muda ndo hakimu, kitu kikiachwa miaka mia ujue hakikuwa na uzito, ilikuwa burudani ya jioni ya watu wenye hela zao basi. Na kuna wanaosema hapana, hii kazi imeonewa, iliangushwa na mambo yasiyohusiana na ubora wake. Mimi nipo upande wa pili nasema mapema, ila upande wa kwanza una hoja nzito kuliko mashabiki wa Auber wanavyotaka kukubali.

Kwanza stori. Tupo Madrid, usiku wa Krismasi, kwa malkia kuna dansi ya barakoa. Binti anaitwa Angèle anaishi konventi, nyumba ya watawa, na kesho yake anatakiwa aweke nadhiri awe mama mkuu, ila huo usiku wa mwisho katoroka kaja dansini, kavaa domino, lile joho jeusi lenye kofia, na barakoa usoni. Kijana Horace alikutana naye kwenye dansi kama hiyo mwaka uliopita na tangu hapo hajalala vizuri. Angèle lazima arudi kabla ya saa sita usiku, na amekuja na mwenzie Brigitte, ila rafiki yake Horace anaitwa Juliano anaenda kwenye saa ya ukutani anasogeza mishale mbele, Brigitte akitupia jicho anaona muda umeshapita, anakurupuka anaondoka peke yake, Angèle anabaki anaongea na Horace mpaka saa sita ya kweli inagonga na huko konventi mlango umeshafungwa.

Kuanzia hapo ni kujigeuza juu ya kujigeuza. Anabisha hodi nyumba asiyoijua, mfanyakazi wa humo Jacinthe anamhurumia, anamvalisha nguo za kijijini za Aragon, mkoa wa Hispania, na kuanzia dakika hiyo yeye ni Inésille, mtoto wa ndugu yake Jacinthe kutoka shamba, kumbe nyumba ni ya Juliano na wanaume wa kule dansini ndo wanakuja kula hapo, Horace naye yumo. Baadaye anarudia joho lake jeusi anamtokea gizani Gil Perez, yule mtu wa konventi aliyekuja kwa siri kufuata chakula cha Jacinthe, jamaa anajua huyu ni shetani kaja kumchukua, anatetemeka, funguo za konventi zinabadilisha mikono. Asubuhi Horace anafika konventi kwa shughuli yake nyingine kabisa, anapokelewa na mama mkuu mwenye shela usoni, na sauti anaijua.

Wanaoipinga wanaanza hapo hapo: mwanaume anampenda mwanamke kiasi cha kuchanganyikiwa halafu anamwona na gauni la kijakazi anaanza kujiuliza kama anaota, nani ataamini? Hii hoja kwangu ni dhaifu. Waliosoma Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere wanakumbuka Portia anavaa kama mwanasheria wa kiume anasimama mahakamani mbele ya mumewe mwenyewe na mume hamtambui, na tamthilia ile inaheshimika mpaka kesho. Kujigeuza stejini ni makubaliano kati ya mtazamaji na mchezo, na ukishayakubali unachouliza ni je huyu mtu amepata nini humo ndani ya nguo ya mwingine.

Hoja nzito ni zingine. Kuna Lord Elfort, Mwingereza mwenye wivu anayehisi kila joho jeusi ni mke wake, na kichekesho chake kikubwa ni anavyoharibu Kifaransa, na hicho kichekesho kimezeeka kweli, mtu akiniambia kinamboa siwezi kumbishia. Kuna ile sehemu ya pili wale mabwana mezani wanavyomzonga Inésille, kila mmoja anataka busu kwa sababu ni mfanyakazi na nani atamtetea, na muziki unaendelea mwepesi kama hakuna kitu. Ukiangalia leo unajisikia vibaya. Halafu mwisho wenyewe unaletwa na amri ya malkia, cheo cha mama mkuu anapewa mtawa mwingine na Angèle anaambiwa achague mume, yaani binti aliyepambana usiku mzima kwa akili yake anaokolewa na karatasi kutoka juu. Hapo Scribe alichukua njia rahisi na naona wanaomlaumu wako sahihi.

Ila sasa njoo kwenye muziki, maana wengi wanaohukumu hii kazi wanahukumu stori. Angèle hajigeuzi kwa nguo tu, anajigeuza kwa kuimba. Akiwa kijakazi anaimba wimbo wa dansi wa Aragon, mapigo ya shamba, kama kweli kakulia huko, na akirudi konventi alfajiri anaimba Ah! quelle nuit!, anasimulia usiku wake mitaani na kila kishindo kinavyomshtua, pumzi imemkata lakini sauti inaruka juu na kushuka kwa usahihi wa ajabu. Halafu Horace anasikia sauti ile ile kwenye wimbo wa watawa bila kumwona mwimbaji. Auber alimwandikia Laure Cinti-Damoreau, mwimbaji mahiri kabisa wa Paris wakati huo, na kazi aliyompa ni ngumu kwelikweli, kuwa watu watatu kwa koo moja huku mtazamaji asipoteze kwamba ni yule yule. Kile kinachoonekana udhaifu wa stori, kwamba Horace hamtambui lakini hatulii, kwenye muziki kinaeleweka kabisa kwa sababu sikio lake linajua kabla ya macho. Hata Gil Perez na Deo gratias yake, anamshukuru Mungu kwa msosi kwa mahadhi ya kanisani, ni mtu mwingine aliyevaa utakatifu juu ya tumbo lake.

Na kwa nini ilipotea? Opéra-Comique ilikuwa na utaratibu wake, waimbaji wanaongea kawaida halafu wanaimba, kwa hiyo unahitaji watu wanaojua kuigiza kwa Kifaransa chenye kasi na hapo hapo wana sauti ya kwenda juu, na nje ya Ufaransa hao ni shida kuwapata. Kule Moscow 1868 ilibidi Tchaikovsky, mtunzi wa Kirusi, aandike muziki wa kuziba sehemu za maongezi ili mwimbaji Désirée Artôt aiimbe. Carmen yenyewe, opera maarufu ya Bizet, 1875 ilianza na maongezi hivyo hivyo, na ilivyopelekwa nje mtunzi Ernest Guiraud akayageuza yawe ya kuimbwa, ndo ikatembea dunia nzima. Kwa Carmen ilifanya kazi kwa sababu ni stori ya mapenzi na kisu, ila vichekesho vya Scribe vinaishi kwenye majibizano ya haraka, ukiyaimba yote yanakufa. Kwa hiyo kusema muda ulihukumu sio sahihi, kilichokufa ni aina ya msanii aliyeweza kuibeba.

Mwaka 2018 Christian Hecq na Valérie Lesort waliirudisha, Liège kule Ubelgiji kwanza halafu Paris, Anne-Catherine Gillet akiwa Angèle na Cyrille Dubois akiwa Horace, na 2024 Opéra-Comique wakairudia tena. Wapo wanaosema kilichoiokoa ni ubunifu wa hao waongozaji, mavazi na mambo ya kuona. Nakubali nusu. Kuna rekodi ya miaka ya 1990 ya mwimbaji Sumi Jo chini ya kondakta Richard Bonynge, hapo hakuna nguo wala taa wala chochote cha kuona, ni sikio tu, na muziki unasimama wenyewe.

Kinachonipa shida ni ile meza ya Juliano. Ukiikata, Angèle anapoteza kitu kikubwa, maana ndo mara ya kwanza binti wa ukoo wa juu anaonja jinsi mwanamke asiye na jina anavyotendewa, na ukiiacha iwe ya kuchekesha tu unamgeuza mtazamaji awe mmoja wa wale mabwana. Mimi ningeiacha yote, noti kwa noti, ila mwimbaji asicheke nao. Lile la Elfort na Kifaransa chake kibovu ndo ningepunguza bila huruma.