Geuzeni kamera, wanawake wanatawadha

Msikiti ninaoswali, hapa Kisiwani Mombasa, umefungwa kamera mpya. Moja iko juu ya mlango wa upande wa wanawake, na jicho lake halitazami kichochoroni anakopita mwizi. Linatazama ndani, kwenye mabomba. Pale ndipo tunapovua buibui, tunapokunja mikono ya nguo hadi viwikoni, tunapofungua mitandio tupake maji kichwani na kupandisha nguo tuoshe miguu. Skrini iko ofisini kwa kamati, na kamati yote ni wanaume.

Nilimwendea ami mmoja wa kamati, mtu mwema anayenijua tangu utotoni. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, hii ni kwa usalama wenu, na wala hakuna anayekaa kutazama." Nikamuuliza picha zinaingia kwenye simu za nani. Akanitajia wanakamati watatu, kisha akaongeza, "Na fundi, tukimwita." Nenosiri je? Ni lile lile lililokuja na mashine, tarakimu moja hadi sita.

Simtuhumu ami, wala simtuhumu fundi. Nasema sitara yangu si mali ya kamati hata niambiwe niwaamini watu wanne. Simu huibwa sokoni Kongowea kila siku. Simu hupelekwa kwa mtengenezaji, watoto huichezea nyumbani, na picha ikishaingia kwenye kundi moja la WhatsApp hakuna wa kuirudisha. Bibi aliyeishi miaka yote kichwa chake hakijaonwa na mwanamume asiye maharimu wake, leo nywele zake zimehifadhiwa kwenye mashine chini ya meza ya ofisi, na hana habari. Hakuulizwa. Hakuna hata karatasi ukutani ya kumwambia. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, na sioni aibu kusema kwamba nililia.

Na sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiishii kwa mabenki na kampuni za simu. Picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Imani ya mtu imewekwa katika fungu la data nyeti, na picha ya mtu akitawadha msikitini imeshataja dini yake kabla hajafungua mdomo. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinataka uambiwe kwamba data yako inachukuliwa, ni kwa sababu gani, na nani atapewa. Kanuni za usajili za 2021 nazo zinasema anayeendesha CCTV, yaani kamera za ulinzi, kwa kuzuia uhalifu hasamehewi kujisajili kwa Kamishna wa Data, msimamizi wa sheria hiyo, kwa sababu ya udogo wake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kusambaza picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Ikiwa uso wa mteja wa baa una ulinzi, wa mama aliyekuja kuswali Adhuhuri unakosaje?

Kuna wanaosema asiye na la kuficha hana la kuogopa. Watu hao wamesahau wanaishi mji gani. Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa pale Majengo, wakakamata watu zaidi ya 100, wengi wao vijana. Wenye kaka na watoto wa umri ule wanakumbuka jinsi ilivyokuwa kuonekana tu ukitoka msikiti fulani. Sasa tunarekodi wenyewe nani aliingia, saa ngapi, na aliswali ubavuni mwa nani. Siku akija mtu akasema yeye ni askari na anataka rekodi za mwezi mzima, ni nani katika kamati atakayesimama amwambie alete amri ya mahakama? Niliuliza hilo pia. Sikujibiwa.

Haya, viatu vinaibwa. Ijumaa watu hutoka na kukuta ndara zao hazipo, na masanduku ya sadaka yamewahi kuvunjwa. Na sitasahau kwamba Machi mwaka huo huo wa 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni, Jumapili, wakaua waumini katikati ya ibada. Kanisa likitaka kamera getini baada ya hayo sina la kulipinga. Basi fungeni getini, fungeni penye rafu za viatu, fungeni juu ya sanduku. Mabombani hakuna kiatu wala sanduku. Na madrasa ya watoto nayo isiguswe kabla wazazi hawajaridhia, kwa sababu sheria inataka hivyo.

Barua yangu kamati imeshaipokea. Nimeomba kamera igeuzwe itazame kichochoro, rekodi za upande wetu zifutwe mbele ya mama wawili tutakaowachagua wenyewe, nenosiri libadilishwe, na tangazo libandikwe mlangoni kwa Kiswahili likimtaja anayeshika rekodi na zinakaa siku ngapi. Ningependa tuyamalize hapa hapa kwetu. Wasipofanya, nitakwenda kwa Kamishna, na sitakwenda peke yangu. Malalamiko yanapokewa hata kwa mdomo, yeye ndiye atakayeyaandika, na sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Mama zangu ambao kalamu inawapa tabu wameshaniambia wako tayari kwenda kusema.