Haki ya Hortense Schneider

Mwaka 1867 Paris iliandaa Maonyesho ya Dunia, na wakubwa waliokuja kuyaona hawakukosa kupita ukumbi wa Variétés. Kaisari Alexander wa Pili wa Urusi, mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza, hata Bismarck wa Prussia, wote walikaa kumtazama Hortense Schneider, mzaliwa wa Bordeaux, akiimba La Grande-Duchesse de Gérolstein, opereta (mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na vichekesho) ya mtunzi Jacques Offenbach.

Baadhi ya wakubwa hao hawakuishia kwenye viti vya ukumbi. Wenye ndimi kali wakambandika Schneider jina la njia moja ya maduka ya Paris, Passage des Princes, kwa maana wana wa wafalme walipita kwake. Hadi leo wapo wanaomweleza hivyo tu: mrembo mwenye vipenzi matajiri, aliyebahatika pia kuimba.

Hoja yao ina msingi. Schneider aliupenda utukufu, alidai malipo makubwa na kugombana na wenye kumbi. Tena muziki ulikuwa wa Offenbach, na maneno ya waandishi Meilhac na Halévy. Waimbaji wengine wameziimba nafasi zake kwa zaidi ya karne moja, na opereta hizo bado zinasimama. Sauti yake yenyewe hatuwezi kuisikia, kwa kuwa aliacha jukwaa kabla ya biashara ya santuri kuanza.

Hata hivyo noti alizoandikiwa zipo, nazo zinatueleza mengi. Katika La Grande-Duchesse, mtawala anamtamkia askari Fritz mapenzi huku akijifanya mjumbe wa mwanamke mwingine, na Fritz haelewi. Mwimbaji lazima tumsikie akisema mambo mawili kwa pumzi moja. Katika La Périchole ya 1868, mwimbaji wa mtaani mjini Lima, aliyeishiwa nguvu kwa njaa, anamwandikia mpenzi wake barua ya kumuaga. Wimbo ule hauna madoido. Asiyejua kulitamka neno hana pa kujificha. Muda mfupi baadaye yuleyule anaimba amelewa, na ulevi wake lazima ubaki na haiba. Offenbach alimfahamu tangu 1855, alipoanza kuimba kwenye ukumbi wake mdogo wa Bouffes-Parisiens. Mtunzi mzoefu kama yeye hamwandikii nyimbo za namna hiyo mtu wa kupamba jukwaa.

Wanaodai kwamba watu walilipia umaarufu wa maisha yake wana swali gumu la kujibu: kwa nini La Diva ilianguka? Ilipigwa mwaka 1869, kazi ya watunzi walewale watatu, na kisa chake kilichotwa kwenye maisha ya Schneider mwenyewe. Kama uvumi ndio uliojaza viti, hii ndiyo ingevijaza kuliko zote. Paris ilimtaka awe Hélène wa opereta ya La Belle Hélène, awe Périchole. Schneider akiigiza Schneider haikumtaka. Kwangu hilo lina uzito kuliko porojo zote za vyumbani.

Vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia vikaufagia utawala wa Napoleon wa Tatu, kaisari wa Ufaransa, pamoja na anasa zake. Mwaka 1874 Offenbach aliirefusha La Périchole kutoka sehemu mbili hadi tatu, akairudisha Variétés. Hapakuwa tena na kasri la kaisari wala msafara wa wafalme wa kufurahishwa. Nafasi ile Offenbach alimpa Schneider, akiwa na umri wa miaka 40 na kidogo.