Namba 17 na mizigo minne ya bodaboda

Bodaboda anatoka Posta na mizigo minne ya kushusha Fire, Magomeni, Ubungo na Kimara, vituo vya Dar es Salaam vinavyofuatana hivyo barabarani. Mpangilio wa kuishusha unaweza kuwa wa aina 24, na kila mmoja tunaweza kuupa namba yake, 0 hadi 23. Chukua 17. Katika mfumo wa faktoria (faktoria ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi namba fulani) nafasi hazipandi kwa kumi. Zinakwenda 1, 2, 6, 24, 120. Kumi na saba ni sita mbili, mbili mbili na moja moja, yaani 2, 2, 1. Sasa zisome kama maelekezo: ruka vituo viwili, anza Ubungo, katika vilivyobaki ruka viwili, nenda Kimara, ruka kimoja, Magomeni, Fire mwisho. Ukijumlisha tarakimu unapata 5, na hiyo ndiyo idadi ndogo kabisa ya mara za kubadilishana mizigo iliyopakana ili yote irudi kwenye mpangilio wa barabara.

Mambo haya si mageni. Mwanahisabati Georg Cantor aliandika juu ya mifumo ya aina hii mwaka 1869, na sisi wenyewe tukitaja wiki, siku, saa na dakika tunabadili kikomo kila nafasi.

Ubishi uko kwenye mifuatano ya namba inayozaliwa na tarakimu hizi: je, ina thamani yoyote? Mwaka 1940 mwanahisabati G. H. Hardy aliandika kwamba mambo kama 8712 kuwa mara nne ya 2178, yaani tarakimu zake zikigeuzwa, yanafaa kurasa za mafumbo tu. Kwa upande mmoja namkubali. Gandisha tarakimu za faktoria, yaani ziandike pamoja bila mkato, uzisome kama namba ya kawaida: 3 inakuwa 11, 7 inakuwa 101, 29 inakuwa 1021, zote tasa. Inapendeza, lakini 11 inakuwa 121, ambayo ni 11 mara 11, na hakuna sababu ya maana nyuma yake. Tena kugandisha kwenyewe kunavunjika: kufika 36,288,000 nafasi moja inadai tarakimu "kumi", hivyo namba hiyo na 39,916,800 zote zinaandikwa 1 na sufuri kumi.

Hata hivyo nisingeifuta. Mwanahisabati Neil Sloane alianza kukusanya mifuatano ya namba mwaka 1964, na leo mkusanyiko wake una zaidi ya 350,000. Mtafiti anayekutana na 0, 1, 1, 2, 2, 3, 1, 2 kwenye kazi yake anaweza kuitafuta humo na kukuta ni jumla za tarakimu za faktoria. Nani angejua mapema mfuatano upi utahitajika? Ila darasani ningeanza na jumla ya tarakimu, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuihakiki kwa mkono. Namba 18 ni 3, 0, 0: Kimara kwanza, kisha Fire, Magomeni, Ubungo. Namba imepanda, jumla imeshuka hadi 3. Sogeza mzigo wa Kimara nyuma mara tatu, na njia imenyooka.