Raba ya kisigino kirefu, goti lako linajua?

Muuza mitumba mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alinishikisha raba akasema kaka chukua hii, cheki kisigino kilivyopanda, goti hutaumwa tena. Nikacheka tu, maana kwa ninavyoelewa mimi mambo yako kinyume.

Iko hivi. Raba nyingi za kukimbilia kisigino kiko juu kuliko sehemu ya vidole kwa milimita 10 mpaka 12 hivi, zipo za 4, na zipo bapa kabisa yaani sifuri. Kisigino kikipanda, ule mshipa mnene wa nyuma ya kifundo, wenyewe wanauita kano ya Akilesi, hauvutwi sana na shavu la mguu nalo linapumzika. Ila mzigo haupotei, unahamia juu kwenye goti. Vaa bapa, mzigo unarudi chini kwenye kano. Kwa hiyo anayeumwa nyuma ya kisigino hizo raba zinaweza kumsaidia kweli, wengine huwekewa hata kipande ndani ya kiatu kupandisha kisigino, lakini mwenye goti bovu kuambiwa apande juu zaidi ndo hapo sielewi kabisa.

Sasa msije mkadhani natetea wale wa "babu zetu walikimbia peku". Wanapenda kumtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, na ni kweli alishinda marathoni ya Olimpiki kule Roma 1960 bila viatu, ila hawasemi kwamba Tokyo 1964 alishinda tena, kwa muda mzuri zaidi, na viatu mguuni! Na Vibram, wale wa viatu vya vidole vidole vya kuiga kukimbia peku, mwaka 2014 walikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi huko Marekani, wateja walidai faida za viatu vile zimetiwa chumvi.

Mimi mwenyewe nilijifanya mjuaji. Wiki nzima niko ofisini na viatu vya kisigino, Jumamosi nikavaa bapa mpya nikatoka Chumbageni mpaka Raskazone na kurudi bila kupumzika, mdogo mdogo nikajiona kijana wa Arusha, kesho yake nashuka ngazi upande upande kama kaa huku mama ananichua na mafuta ya nazi na kunicheka. Shavu la mguu lililozoea kufupishwa miaka yote unalivuta ghafla unategemea nini?

Kwa hiyo kosa langu lilikuwa haraka, sio ubapa wa kiatu. Siku hizi bapa nazivaa dakika 10 tu, nikisikia kisigino kinavuta asubuhi naziacha wiki hiyo, siku zingine nakimbia na za milimita 8, mitumba hiyohiyo. Yule jamaa wa Ngamiani bado akiniona ananiita kaka kisigino, na rula ninayopimia soli ameshaizoea.