Turubai pekee halimalizi ugomvi

Habari inasema kamati ya mtaa imewapa wenye magari mabovu yasiyo na usajili siku 14 kuyaondoa uani. Kabla hujamwita mtu wa vyuma chakavu, soma kifungu chenyewe cha sheria. Sheria nyingi za aina hii hukataza gari lisilotembea linaloonekana kutoka barabarani, si kulimiliki. Hapo uzio au banda hutosha. Kulifunika gari kwa turubai la nailoni ndiko kunakoponza watu: hufungia unyevu, bodi huoza kuanzia chini, panya nao hupata makazi. Tumia kitambaa kinachopitisha hewa.

Jirani anayelalamika naye mara nyingi ana haki, hasa kuhusu majimaji. Petroli itoe yote, maana ikikaa miezi huchacha na kuziba kabureta. Maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda yana utamu, na ni sumu. Paka akiyalamba, figo zinakwisha. Weka beseni chini ya injini. Chomoa waya wa hasi wa betri. Gari likae juu ya stendi nne za kuinulia gari, si matofali, kwani tofali hupasuka ghafla. Hendibreki iachie, la sivyo viatu vya breki vitang'ang'ania ngoma za magurudumu. Ukimaliza, piga picha zenye tarehe kabla kamati haijaja kukagua.