Mlio wa kamera si mzigo wa fundi sauti

Kwenye seti nyingi za filamu na tamthilia hapa Dar es Salaam, mpiga picha za mnato bado anachukuliwa kama mgeni wa kungojeshwa. Mwongozaji akisharidhika na tukio, waigizaji huombwa wabaki walipo na kuendelea kulia au kugombana kwa dakika chache ili nao wapigwe picha. Picha hizo ndizo zinazopamba mabango na kurasa za mitandaoni, na ukizitazama vizuri utaona nyuso za watu ambao wameshatoka kwenye hadithi na wanawaza chakula cha mchana. Ninaamini kwamba picha ya mnato inapaswa kupigwa wakati tukio lenyewe linarekodiwa, na kwa sababu hiyo hiyo ninaamini kwamba kuinyamazisha kamera hiyo, mlio wake usiingie kwenye sauti inayorekodiwa, ni wajibu wa mpiga picha na wa mtayarishaji aliyemwajiri, si wa fundi sauti.

Utetezi ninaousikia mara kwa mara ni kwamba mlio mdogo utasafishwa studio. Wanaosema hivyo hawajafikiria mlio wenyewe ulivyo. Kamera yenye kioo cha kuakisi ndani yake hukirusha kioo hicho juu, pazia za shata, yaani mlango unaoruhusu mwanga kuingia, zikapita, kisha kioo kikarudi chini, na yote hayo hutoa mlio mfupi mkali unaotapakaa kwenye masafa mengi ya sauti kwa wakati mmoja, yakiwemo yale yale yanayobeba s, t na k za mwigizaji. Ukiangukia katikati ya neno, kuufuta ni kulichuna neno. Wengine hudai kwamba seti zetu zina kelele tayari, kwa hiyo mlio mmoja hauongezi kitu. Lakini bodaboda inayopita nje ya dirisha inasikika kama mtaa wa Sinza ambamo hadithi inatokea, ilhali mlio wa shata hauna mahali popote ndani ya hadithi. Na hata kama maikrofoni isingeunasa, mwigizaji anausikia. Mtu anayejaribu kulia mbele ya watu ishirini akisikia mlio pembeni, macho yake yatahama, hata kwa nusu sekunde, na teki hiyo, yaani rekodi hiyo ya tukio, imekwisha.

Tasnia ya filamu ilikwisha kukutana na tatizo hili mapema. Filamu zilipoanza kuzungumza mwishoni mwa miaka ya 1920, kamera za Hollywood zilikuwa na kelele kiasi kwamba zilifungiwa pamoja na mpigaji wake ndani ya vibanda vyenye joto kali. Baadaye yakaja makasha ya kuifunika kamera peke yake, na mwaka 1934 ikatoka Mitchell BNC, kamera iliyojengwa tangu mwanzo ndani ya ganda la kuzuia sauti. Walioihangaikia kelele hiyo walikuwa watu wa kamera, na ndivyo inavyostahili.

Wapiga picha za mnato nao walipata kasha lao, blimpu, na kwa miongo mingi lile la Jacobson kutoka Marekani ndilo lililoonekana kwenye seti kubwa. Ni boksi gumu lenye sponji ndani na mrija wenye kioo angavu mbele ya lenzi. Wanaojitengenezea la kwao kwa sponji ya godoro hukosea mahali pamoja: sponji hupunguza mwangwi ndani ya boksi, lakini kinachozuia sauti isitoke ni uzito wa kuta na kuzibwa kwa kila tundu. Koti au kitenge kilichozungushiwa kamera hupunguza ukali wa mlio tu. Kwa kazi zetu za vyumba vidogo vyenye joto silipendelei sana kasha, kwa kuwa ni zito na kubadili lenzi mara nyingi humaanisha kubadili na mrija wake.

Jibu la sasa ni kamera isiyo na kioo, inayotumia shata ya kielektroniki. Hapo hakuna kinachogonga. Kihisi, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga, kinasomwa tu. Tatizo ni kwamba katika kamera nyingi za bei ya kati kihisi husomwa safu baada ya safu, na kazi hiyo yaweza kuchukua 1/30 ya sekunde au zaidi. Mkono unaopiga kofi hutoka umepinda. Tena umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za majumbani hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kujua, na picha hutoka na michirizi ya giza. Kuweka kasi ya shata kwenye 1/100 au 1/50 ya sekunde huondoa michirizi hiyo, kwa sababu kila safu hupokea mipepeso kamili, lakini kasi hiyo ni ndogo, na mpiga picha hulazimika kutulia na kuvizia mwigizaji anapotulia. Kwenye jenereta ndogo hata hilo halina uhakika, maana hezi zake hupanda na kushuka. Kamera zinazosoma haraka zipo: Sony A9 ya mwaka 2017, Nikon Z9 ya mwaka 2021 ambayo haina kabisa shata ya mitambo, na Sony A9 III iliyotangazwa mwaka 2023, inayosoma kihisi chote kwa pamoja. Bei zake ni za mamilioni ya shilingi, na ndiyo maana ninamtaja mtayarishaji. Anayekodi maikrofoni nzuri kwa ajili ya filamu yake aweke kwenye bajeti hiyo hiyo kamera ya kimya ya kukodi.

Yanabaki mambo yasiyohitaji fedha. Zima mlio wa fokasi, mlio bandia wa shata, na taa ndogo inayosaidia kufokasi, ambayo humulika uso wa mwigizaji gizani. Fungua mfuko wa lenzi kabla ya mwongozaji kuita ukimya. Vua mkanda wenye vikuku vya chuma.

Kisha, kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, nenda kwa fundi sauti na kamera yako, umwombe avae hedifoni, nawe upige picha kadhaa umbali wa mita moja kutoka kwenye maikrofoni, ukijaribu kila lenzi, kwa kuwa baadhi ya lenzi zina mota zinazosikika kuliko shata. Akisema anasikia kitu, usibishane naye. Badilisha lenzi, au sogea nyuma mpaka aseme hasikii.